Majibu ya Bi Mwanahawa

Kabula mwanangu,

Umeondoka hapa saa nane na bodaboda kwenda Kwihara kumuaga bibi yako, na mimi nimejifungia chumba cha mbele. Mama yako anadhani napanga vyeti vyako. Yeye amekwisha kukuambia yote ya koti, ya chakula chao kisicho na chumvi, ya kutolala bila kusali, na ile chupa ya asali ameifunga vitambaa viwili isije ikavuja juu ya nguo. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikwepa mwaka mzima na zaidi, na kesho unapanda treni.

Huko uendako umealikwa kwa sababu ya kitabu, hilo unalijua. Wachapishaji wa Leipzig wanataka ukae nao mwaka, ujifunze kutafsiri na kuhariri mashairi, na kila wanapokwenda kukitangaza kitabu upande jukwaani uyasome mashairi ya bibi yako kwa Kiswahili, kisha mtu wao ayasome kwa Kijerumani. Jana niliona tangazo lao. Wamekuandika "mjukuu wa mwanamke aliyekataa kusamehe". Nilizima simu, nikatoka nje nikajifanya nafagia uwanja, na ulinicheka ukaniuliza tangu lini nimejua kushika ufagio.

Kabula, bibi yako hajawahi kukataa kumsamehe mtu. Hasira iliyo kwenye kile kitabu nimeitengeneza mimi.

Bi Mwanahawa wa Gongoni unamkumbuka. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikimbilia uvunguni akija, maana alianza kutukana tangu kwenye mihogo ya jirani, kabla hajafika mlangoni. Mzaramo yule, mjane wa fundi wa reli. Mumewe alimleta Tabora akiwa bado msichana, akazeekea hapa, akazikwa hapa. Na bibi yako Mnyamwezi wa Kwihara. Utani wa makabila haya mawili ni wa tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, na sina haja ya kukufundisha utani ni nini, umezaliwa humo. Ila wale mama wawili hawakuufanya kwa kudokoadokoa kama sisi. Waliufanya kama watu walioajiriwa.

Babu yako mdogo alipofariki, ulikuwa shuleni. Bi Mwanahawa alivaa koti la marehemu na kofia yake, akachechemea kama yeye kuzunguka uwanja, akadai chai yake iko wapi na kwa nini watu wamejaa nyumbani kwake kama nzige. Wafiwa walicheka mpaka wakalia upya. Kisha bibi yako akasimama kumjibu kwa beti, naye akajibiwa, wakaenda hivyo mpaka padre akakohoa mara ya tatu. Nilikuwa na simu mfukoni. Nikarekodi. Baada ya hapo nikawa nawafuata kila penye msiba na kila penye ngoma, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nitaipata tena.

Sasa nikueleze nilivyokuwa, si kwa kujitetea. Nimeandika mashairi tangu nina umri kama wako. Yamekataliwa Dar, yamekataliwa Nairobi, mengine hayakujibiwa kabisa. Mistari yangu pekee iliyowahi kupigwa chapa ni ile ninayoweka chini ya picha za marehemu kwenye ratiba za mazishi ninazochapa hapo dukani kwetu. Watu huisoma, wakaikunja, wakajipepea nayo. Mtu akikaa na njaa ya namna hiyo miaka thelathini, siku akinusa ugali haulizi ni wa nani.

Mambo ya kitabu yalianza na barua pepe kutoka kwa wachapishaji wa Nairobi. Nilikuwa nimewatumia beti kumi za bibi yako, nilizoziandika kutoka kwenye simu. Wakazipenda. Wakataka zaidi, wazitoe kwa Kiingereza. Kabla masika hayajakatika, mhariri wao wa Nairobi akawaonyesha wenzake wa Leipzig, nao wakataka. Kisha kijana mmoja wa Bujumbura akasema atazitoa kwa Kifaransa, kijitabu chembamba. Mimi, mtu wa kadi za harusi, nikawa naamka na lugha tatu ndani ya simu. Nilinunua kamusi. Nilikuwa nikipita sokoni naona watu wananitazama, kumbe hakuna aliyekuwa ananitazama.

Mhariri wa Leipzig aliniuliza swali zuri kabisa: huyu anayetukanwa ni nani? Nikamwandikia kurasa nne juu ya utani. Akajibu kwa upole kwamba amefurahi sana kusoma, lakini maelezo marefu yanalilemea shairi, je, inaweza kuwa ukurasa mmoja? Nikapunguza. Akauliza kama inaweza kuwa aya. Nikapunguza. Nikaona anachoka, nikaogopa. Nilimwogopa mtu ambaye sijawahi kumwona, Kabula, nikaogopa atafunga mlango. Jioni moja nikakaa, nikaandika mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, dibaji ya mistari sita. Nikasema mashairi haya ni kilio cha mwanamke wa bara dhidi ya watu wa pwani, kwa yote waliyotenda katika njia ya misafara. Akajibu ndani ya saa moja. Alisema sasa anaelewa, na kwamba amelia.

Baada ya dibaji hiyo, majibu ya Bi Mwanahawa hayakuwa na pa kukaa. Mtu anayelia kilio cha namna ile hajibiwi na adui wake kwa mzaha. Tena kwenye mkataba palikuwa na nafasi ya jina moja la mwandishi. Nikaandika Nyanzala, jina la mama yangu, nikaacha nje kila ubeti uliokuwa wa mwenzake.

Yule wa Nairobi alinishtukia. Alinipigia simu, mtu mzima kama mimi, akasema, "Mzee, niambie ukweli. Hii si utani kweli? Mimi naona kama kuna mtu anachekwa hapa, na kuna mahali anajibu."

Nikamwambia, "Hapana, bwana. Ni mambo ya zamani, mazito."

Akasema sawa, wewe ndiye mwenye mama. Kijana wa Bujumbura naye aliuliza vilevile, nikamjibu vilevile, na safari hiyo haikunichukua hata dakika moja. Mama yako aliuliza mara moja tu, akiwa anachambua mchele. "Bi Mwanahawa mmemwambia?" Nikasema nitamwambia kitabu kikitoka, nimshtukize kwa furaha.

La simu ndilo linaloniua. Leipzig walituma kurasa za prufu, za kusahihisha kabla ya kuchapa, faili kubwa, simu ikakataa kuzipokea kwa kujaa. Nikatafuta cha kufuta. Picha zako za mahafali sikutaka kuzigusa. Nikaona zile sauti. Beti za bibi yako nilikwisha kuzinakili zote kwa maandishi. Za Bi Mwanahawa sikuwa nimezinakili, na kitabuni hazimo, nikasema za nini tena. Simu iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Miaka mitatu ya sauti ya yule mama, kicheko chake kile cha kupaliwa, nilivitoa ili nipate nafasi ya kuona jina la familia yetu kwa Kijerumani.

Kitabu kikazinduliwa huko. Wakaniunganisha kwa video, nikakaa hapohapo dukani na shati jeupe. Mwigizaji wao, mwanamke mrefu aliyevaa nguo nyeusi, akausoma ule ubeti ambao Kwihara ulikuwa ukiwaangusha watu chini kwa kucheka. Unaujua:

Siku utakayokufa, machozi hutayajua,
Nitakuja na upawa, pilau kujipakua,
Wakikuzika mchana, udongo nitafukua,
Nikutoe nikutupe, fisi waje kuchukua.

Aliusoma kwa kunong'ona, halafu akapaza sauti mwishoni mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nikangoja wacheke. Kwenye upawa hawakucheka. Kwenye fisi hawakucheka. Ukumbi mzima ulisimama, wakapiga makofi, wengine wanafuta macho. Hapo nilijua nimefanya nini, mwanangu. Sitakudanganya kwamba nilikuja kujua baadaye. Nilijua palepale, na mhariri alipogeuza kompyuta waniangalie, nikapunga mkono.

Yaliyofuata unayajua nusu, na hiyo nusu nilikupa mimi ikiwa imeoza. Nilikuambia watu wa Gongoni wamekasirika kwa sababu watu wa pwani wana hasira za karibu, na kwamba kuna mambo ya dini ndani yake. Hayakuwepo. Mjukuu wa Bi Mwanahawa, aliyeko Dar, alikipata kitabu cha Kiingereza, akazitafsiri beti upya kwa Kiswahili, akaziweka kwenye kundi lao la familia pamoja na ile dibaji. Hebu fikiri. Maneno yametoka Kwihara, yamekwenda Nairobi, yamerudi Gongoni yakiwa makavu, bila vina, bila kicheko, na juu yake maelezo ya mtoto wa mtunzi mwenyewe kwamba huyu mama anawachukia. Nani angebisha? Mwenye mama ndiye aliyesema.

Bibi yako hakujua lolote. Sikumwambia, na yeye hasomi. Aliona tu Pasaka imepita mwenzake hakuja kumwibia kuku kama kila mwaka. Akambeba kuku mwenyewe, tukaenda Gongoni, mimi nimemshika mkono. Alipofika mlangoni akaanza matusi yake kwa nguvu zote. Bi Mwanahawa akatoka. Akatandika mkeka. Akasema, "Karibu, mama. Habari za Kwihara? Watoto hawajambo?"

Basi. Akamkaribisha kwa adabu. Akampa chai, akamshukuru kwa kuku, akamsindikiza hadi barabarani. Bibi yako alijaribu mara mbili zaidi, akamwambia kanga yake inanuka ngisi, na mwenzake akajibu, "Ni kweli, mama, nitaifua." Nilitamani ardhi inimeze. Njiani bibi yako akaniuliza, "Mwanahawa anaumwa?" Nikasema labda.

Alikuwa anaumwa kweli. Hakumaliza kiangazi.

Siku ya msiba bibi yako aliamka mapema, akavaa kanga aliyopewa na Bi Mwanahawa miaka ile, akafunga kitambaa kichwani upande kama alivyokuwa akifunga mwenzake. Alikuwa na kazi. Alikuwa asimame mlangoni, jeneza lisitoke mpaka amkebehi vya kutosha, mpaka wafiwa wacheke, mpaka wampe kitu kidogo asogee. Alikuwa akifanya mazoezi ya mwendo wa Bi Mwanahawa garini njiani, analia na kucheka. Nilipaswa kumzuia. Sikumzuia.

Binti wa marehemu ndiye aliyetoka. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, naomba uondoke. Maneno yako tumeyasoma."

"Yapi, mwanangu?" bibi yako akamwambia. "Mimi sijui kuandika."

"Ya kumfukua. Ya fisi. Na sababu yake tumeisoma." Akanitazama mimi. "Kaka, mwondoe mama yako hapa kabla wanaume hawajarudi kutoka kuchimba kaburi."

Uwanja mzima watu wanaangalia chini. Bibi yako alibaki na kile kitambaa chake upande, mzee wa miaka themanini na ushei, hajui akae au asimame. Jeneza likapita mbele yake. Hakuna aliyecheka katika msiba ule. Nilimwambia yote usiku huohuo kwa sababu aliniuliza uso kwa uso. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa Kinyamwezi kwamba amemwacha mwenzake aende bila kumwambia kitu, kisha akaingia ndani. Tangu siku ile hajatoa ubeti hata mmoja. Nikimwamkia huitikia marahaba. Zaidi ya hapo hanipi neno, nami sina haki ya kulidai.

Wewe ulirudi likizo ukadhani ni uzee.

Jibu moja la Bi Mwanahawa nimebaki nalo. Halikuwa kwenye simu, lilikuwa kichwani, kwa kuwa walilirudia mara nyingi. Ni jibu la ule ubeti wa upawa. Nimejikaza kukumbuka mengine mpaka nimeanza kuyatunga, nikaacha, maana hiyo nayo ingekuwa kumwibia. Hili ni lake neno kwa neno:

Njoo na huo upawa, nimekuwekea chungu,
Fisi nao uje nao, ni ndugu zako si zangu,
Ila uwahi kufika, nisiagwe na uchungu,
Pasipo matusi yako, hautoki mwili wangu.

Soma tena mstari wa mwisho, halafu fikiria ule mlango wa Gongoni. Mimi huufikiria kila siku ninapopanga herufi za marehemu wa watu. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu ni mwanangu mwenyewe, ana tiketi ya treni na anakwenda kusimama jukwaani badala yangu.

Najua unachojiuliza: kama niliyajua haya, kwa nini nilikuacha ukubali mwaliko? Kwa sababu ulifurahi. Kwa sababu ulipoisoma barua yao ulinikumbatia, na muda mrefu hakuna aliyekuwa amenikumbatia katika nyumba hii. Nikasema acha aende, akishafika huko atakuwa na njia yake, hili litazeeka lenyewe. Sasa wanataka kuchapa upya kwa Kijerumani, toleo kubwa, na dibaji ileile, na wewe upo nyuma ya jalada kwenye picha. Haliwezi kuzeeka. Linakua.

Nimewaandikia barua wote watatu, Nairobi, Bujumbura na Leipzig. Nimesema dibaji ni uongo wangu. Nimesema beti zile zilikuwa za watu wawili, na wa pili nilimfuta, na sauti zake nilizifuta pia, na wa kwanza hakuulizwa. Nimeomba wasichape tena. Barua ipo kwenye simu tangu wiki iliyopita, kila siku naifungua, naongeza nukta, naifunga. Wakiipata wanaweza kukuambia usije. Wanaweza kukuacha uje, kisha wakuangalie kama mtoto wa tapeli. Mwaka wako, ambao umeusotea tangu chuo, unaweza kwisha kabla haujaanza, na aliyeuua ni mimi, si wao.

Nilikaa kukuandikia ili nikuombe ruhusa ya kuituma. Nimefika hapa nikajiona. Ukisema nitume, umeuvunja mwaka wako kwa mkono wako. Ukisema nisitume, umeingia kwenye uongo wangu mzima mzima, na una miaka ishirini na mitatu. Swali gani hilo la kumuuliza mtoto? Nilikuwa natafuta wa kunishika mkono, kama kawaida yangu.

Nimeituma. Sasa hivi, kabla ya mstari huu. Leipzig wamekwisha kuipokea, naona hapa imeandika imefika. Bado hawajajibu na sijui watajibu nini. Sikukuuliza, Kabula. Niliwanyima wale mama wawili swali, na wewe pia nimekunyima, na sitakuambia kwamba safari hii ni tofauti. Labda ni tofauti. Wewe ndiye utakayejua, si leo.

Nilikuwa nimepanga barua hii niitie kwenye begi, katikati ya nguo, uikute umeshapita Manyoni, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunitazama. Ndivyo ninavyofanya mambo yangu, huwa nataka yasomwe mbali. Sitaitia kwenye begi. Ukirudi kutoka Kwihara nitakupa mkononi, hapa sebuleni, mama yako akiwepo, kwa maana naye hajui habari ya zile sauti. Nitakaa kwenye kiti cha mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Sitatoka kwenda dukani, sitashika ufagio.

Halafu utaniambia kama kesho nikusindikize stesheni, au usindikizwe na mama yako peke yake.

Baba yako